Jinsi ya kujenga mfumo wa taifa wa kufuatilia upungufu wa chakula na kuuchora kwenye ramani

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na watu waliokabidhiwa kazi hii ni, "Tuanze na programu gani ya ramani?" La pili ni, "Tukusanye viashiria vingapi?" La tatu huja baada ya mwaka mmoja au miwili, ramani ikiwa imeshatundikwa ukutani: "Mbona hakuna anayeitumia?" Naandika haya kwa sababu maswali mawili ya kwanza ndiyo yanayolizaa la tatu. Ukianza na programu utapata ramani, na mambo yataishia hapo.

Kazi yenyewe si ngeni. Mkutano Mkuu wa Chakula Duniani uliofanyika Roma Novemba 1996 ulizitaka serikali zijenge mifumo ya kitaifa ya taarifa na ramani, ili ijulikane ni akina nani wasio na uhakika wa chakula, wako wapi, na kwa nini. Maswali hayo matatu bado ndiyo kipimo. Mfumo unaojibu "wangapi" peke yake haujafika hata nusu ya njia.

Nakuandikia wewe uliye wizarani, ofisi ya takwimu au idara ya maafa, uliyeambiwa uanzishe mfumo huu au uufufue uliolala. Si lazima uwe mtaalamu wa takwimu. Lazima uwe mtu anayeweza kuzipigia simu idara tano na zikapokea.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kiongozi mmoja mwenye mamlaka ya kutoa chakula, fedha au dawa, na aliyekubali kwa maandishi kupokea taarifa zako.
- Ofisi moja yenye jina, meza na mstari wake kwenye bajeti ya serikali. Mradi wa mfadhili unaweza kusaidia, lakini usiwe ndiyo nyumba.
- Watu watano wa kudumu: mratibu, mtakwimu, mchora ramani, mtaalamu wa lishe, na mtu anayejua kilimo, mifugo na masoko. Watano wanaobaki ni bora kuliko ishirini wa kuazima.
- Faili la mipaka ya kiutawala linalotambuliwa rasmi, likiwa na msimbo wa kila eneo.
- Matokeo ya sensa ya karibuni pamoja na makadirio ya idadi ya watu ya miaka iliyofuata.
- Kalenda ya misimu: kupanda, palizi, mavuno, mienendo ya mifugo, miezi ambayo akiba huisha.
- Makubaliano ya kubadilishana takwimu na idara za kilimo, afya, hali ya hewa, biashara na maji, yanayotaja tarehe ya kuwasilisha.
- Fedha za miaka mitatu. Ukiwa nazo za utafiti mmoja tu, fanya utafiti mmoja na usiuite mfumo.

Kompyuta nazo zinahitajika, lakini za kawaida zinatosha. QGIS, programu ya kuchora ramani, haina malipo, na KoboToolbox hutosha kukusanyia majibu kwa simu au kishikwambi. Swali la programu limekwisha, tuendelee.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya viashiria

Chukua karatasi uchore safu nne: uamuzi gani, nani anaufanya, lini, na anahitaji kujua nini. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: kufungua ghala la akiba; kamati ya maafa ya taifa; miezi mitatu kabla ya akiba za kaya kuisha; idadi ya watu walio kwenye dhiki kwa kila wilaya. Mwingine: kuongeza kaya kwenye mpango wa ruzuku, wizara ya fedha, kabla ya kikao cha bajeti, wilaya ambazo chakula hakitoshi mwaka hadi mwaka.

Iangalie mistari hiyo miwili kwa makini. Wa kwanza unauliza habari za dhiki ya ghafla, na jibu lake likichelewa mwezi mmoja halina thamani. Wa pili unauliza habari za upungufu sugu, na jibu lake linaweza kusubiri utafiti mkubwa wa kaya. Wanaoanza huvichanganya viwili hivi kwenye ramani moja, kisha wilaya maskini iliyozoea shida inafunika wilaya ambayo jana ilikuwa salama na leo inaanguka. Vitenganishe tangu karatasi ya kwanza.

Hatua hii naisisitiza kwa sababu ya Somalia. Waangalizi wa njaa walianza kuonya Agosti 2010. Maonyo yaliendelea kutoka mwezi hadi mwezi, yakiwa na takwimu na ramani, na wataalamu walikuwepo. Baa la njaa likatangazwa tarehe 20 Julai 2011. Makadirio yaliyofanywa baadaye yanataja takriban watu 258,000 waliokufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto chini ya miaka 5. Vita na vizuizi vya misaada vilichangia sana, wala sisemi karatasi ya safu nne ingeyazuia yote hayo. Ila onyo lile halikufungwa kwenye kitendo chochote ambacho mtu fulani alikuwa amekubali kukifanya likitoka. Mfumo wako usirithi udhaifu huo.

*Tahadhari:* usipompata mtu wa kuweka kwenye safu ya "nani", ufute mstari huo. Usikusanye takwimu zake.

Hatua ya 2: Unda kamati, lakini funguo azishike mmoja

Kamati iwe na wizara zote zinazohusika, ofisi ya takwimu, mamlaka ya hali ya hewa, na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama FAO (chakula na kilimo), WFP (msaada wa chakula) na UNICEF (watoto) pale yalipo. Kamati hujadili na kukubaliana. Sekretarieti ndogo ndiyo hushika takwimu, hukagua na kuchora. Ukiiachia kamati ishike takwimu, kila wizara itaondoka na toleo lake, na mwisho wa msimu kutakuwa na idadi nne za watu wenye njaa.

Andikeni mapema namna ya kutokubaliana: anayepinga matokeo alete ushahidi, na pingamizi lake liandikwe kwenye ripoti. Idadi za wenye njaa huvuta fedha na hutia watu aibu, kwa hiyo shinikizo la kuzipandisha au kuzishusha litakuja. Bora likukute na utaratibu ulioandikwa.

Hatua ya 3: Okota kilichopo

Kabla ya kutuma hata mdodosaji mmoja shambani, tumia wiki nne kuorodhesha takwimu ambazo serikali tayari inazo: makadirio ya mavuno, bei za masoko, watoto waliopokelewa kliniki wakiwa na utapiamlo, milipuko ya magonjwa ya binadamu na mifugo, mvua za vituo. Kwa kila moja andika nani anaishika, inatoka mara ngapi, kwa ngazi gani ya utawala, na imeanza mwaka gani. Mfululizo wa miaka kumi wenye mapengo machache una faida kuliko kiashiria kipya cha kisasa kisicho na historia, kwa sababu bila historia hujui kama bei ya leo ni ya kutisha au ni ya kila mwaka wakati kama huu.

Za mvua na uoto unazipata bila malipo kutoka kwenye setilaiti. Takwimu za mvua ziitwazo CHIRPS zinaanzia 1981, kwa vipande vya takriban kilomita 5 kwa 5, na zinaunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Zilinganishe na vituo vyako mwenyewe kabla ya kuziamini kwenye maeneo ya milima.

Hatua ya 4: Safisha mipaka na misimbo

Hakuna anayependa kazi hii. Nimeona timu ikitumia miezi miwili kuirudia kwa sababu iliiruka mwanzoni.

Tatizo ni hili. Jina la wilaya moja huandikwa kwa kistari na wizara moja, bila kistari na nyingine, na kwa maneno mawili na ya tatu. Wilaya hugawanywa, mpya huzaliwa, makao makuu huhama. Takwimu za mavuno zinafuata mipaka ya zamani, za afya zinafuata mipya, sensa ina yake. Ukiziunganisha kwa majina, kompyuta itaacha baadhi ya wilaya tupu bila kukuambia, au itaipa wilaya moja takwimu za jirani yake.

Fanya hivi:

a) Mpe kila mkoa, wilaya na kata msimbo usiobadilika, ulioanzishwa au kukubaliwa na ofisi ya takwimu. Msimbo wa ngazi ya chini uanze na ule wa ngazi ya juu, ili ukiuona ujue kata iko wilaya gani.

b) Tengeneza jedwali moja la ulinganisho: msimbo, jina rasmi, majina mengine yote uliyoyakuta, mwaka eneo lilipoanza, na eneo lililolizaa.

c) Eneo linapogawanyika, usifute msimbo wa zamani. Ufunge kwa tarehe, kisha utoe misimbo mipya.

d) Unganisha takwimu kwa msimbo tu. Jina ni la kusomea watu.

e) Kila baada ya kuunganisha, hesabu. Kama nchi ina wilaya 100 na jedwali limerudi na 97 au 103, simama hapo hapo.

Pamoja na mipaka ya kiutawala, chora pia kanda za njia za kujipatia riziki: wakulima wa mvua, wa umwagiliaji, wafugaji wanaohama, wavuvi, vibarua wa mjini. Ukame unapopiga wilaya moja yenye wakulima na wafugaji, hawaumii wakati mmoja wala kwa namna moja. Kanda hizi ndizo zitakazokusaidia kujibu "kwa nini".

Hatua ya 5: Chagua viashiria vichache, uvielewe vizuri

Orodha ya viashiria 60 hutoka kwenye vikao ambavyo kila idara ilitaka kuona chake. Anza na hivi, uongeze tu pale uamuzi wa Hatua ya 1 unapodai.

*Alama ya ulaji wa kaya.* Uliza kwa siku 7 zilizopita, kaya ilikula kila kundi la chakula kwa siku ngapi. Zidisha siku kwa uzito wa kundi: nyama, samaki na mayai 4; maziwa 4; kunde 3; nafaka na mizizi 2; mboga 1; matunda 1; sukari 0.5, mafuta 0.5. Jumla haiwezi kuzidi 112. Kawaida alama hadi 21 huhesabiwa ulaji duni, juu ya 21 hadi 35 ulaji wa mashakani, na zaidi ya 35 ulaji unaokubalika. Mahali ambapo karibu kila kaya hutumia sukari na mafuta kila siku, mipaka hupanda kuwa 28 na 42, kwa sababu viwili hivyo peke yake vinatoa pointi 7. Amueni mipaka ipi mtatumia na msiibadilishe katikati ya miaka.

*Mbinu za kuhimili upungufu.* Maswali matano, kila moja kwa siku ngapi kati ya 7 zilizopita, siku zizidishwe kwa uzito kisha zijumlishwe: kula chakula msichokipenda au cha bei ya chini (uzito 1), kuazima chakula au kutegemea ndugu (2), kupunguza kiasi kwenye mlo (1), wakubwa kujinyima ili watoto wale (3), kupunguza idadi ya milo (1). Kiashiria hiki hupanda mapema kuliko vingine. Mama anaanza kujinyima kabla mtoto hajakonda.

*Uzoefu wa kukosa chakula.* Kipimo cha FAO kiitwacho FIES kina maswali manane na kinafaa kwa upungufu wa kipindi kirefu. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha mikoa yako na hata nchi nyingine, ila lazima mtakwimu wako ajifunze kukichambua. Kuhesabu "ndiyo" tu hakutoshi.

*Hali ya lishe ya watoto.* Mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 125 ni utapiamlo mkali, chini ya 115 ni mkali zaidi na mtoto anahitaji matibabu bila kungoja. Kabla ya kumpima yeyote, hakikisha mdodosaji anajua pa kumpeleka mtoto atakayekutwa hivyo. Kumpima mtoto, kuandika 109, kisha kuaga na kuondoka ni kosa ambalo hakuna ripoti inayolifuta.

*Bei na uwezo wa kununua.* Bei ya chakula kikuu kila wiki, soko lile lile, kipimo kile kile. Kisha hesabu kilo ngapi mtu anaweza kununua kwa ujira wa siku moja, au kwa kuuza mbuzi mmoja. Bei ya nafaka inaweza kusimama pale pale huku ya mbuzi ikiporomoka, na mfugaji akawa amekwisha.

*Mvua na uoto* kutoka Hatua ya 3, vikilinganishwa na wastani wa miaka mingi wa siku kumi zile zile.

*Tahadhari:* FAO hutoa kila mwaka kiwango cha watu wasiopata nishati ya kutosha kwa nchi nzima. Kiwango hicho hujengwa juu ya mizania ya chakula ya taifa, yaani hesabu ya chakula chote kilichopatikana nchini. Usikigawe kwa wilaya, na usikitumie kuonya kuhusu msimu huu.

Hatua ya 6: Panga sampuli kwa hesabu

Kila kiongozi anataka ramani ya kata. Mwonyeshe gharama. Ili ujue asilimia ya kaya zenye ulaji duni katika eneo moja, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 10 juu au chini, unahitaji kaya 96 kama zingechaguliwa moja moja kwa bahati nasibu. Lakini kwa kawaida unachagua maeneo ya kuhesabia watu kwanza, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana; kwa hiyo zidisha mara 2 uwe upande salama, unapata 192. Ukitaka kosa la asilimia 5, hesabu ile ile inakupa 768. Wilaya 100 kwa kaya 192 ni kaya 19,200, na hapo bado hujagusa kata.

Njia ya busara ni hii: utafiti wa ngazi ya wilaya au kanda mara mbili kwa mwaka, mmoja baada ya mavuno na mmoja wakati akiba zinaisha; katikati yake, vituo teule vya ufuatiliaji na bei kila mwezi. Ngazi ya kata ikihitajika kwa upungufu sugu, mtakwimu aunganishe utafiti na sensa kwa modeli, na ramani yake iandikwe wazi kwamba ni makadirio ya modeli.

Usaili kwa simu unaokoa muda na huwafikia walio kwenye maeneo ya vita. Hauwafikii wasio na simu, ambao mara nyingi ndio wenye njaa zaidi. Utumie kuona mwelekeo, mwezi huu dhidi ya uliopita, wala usitoe kwake idadi ya watu.

Hatua ya 7: Kusanya, na ukague kila jioni

Wafundishe wadodosaji siku tano, mbili kati yake kijijini. Makundi ya chakula yatafsiriwe kwa lugha wanayoisema watu wa eneo hilo, na mfano wa kila kundi ukubaliwe na timu nzima.

Kila jioni, msimamizi aangalie mambo manne: usaili uliochukua muda mfupi mno, mdodosaji ambaye kaya zake zote zinafanana, vipimo vya mkono vinavyoishia na 0 au 5 kupita kiasi (ishara ya kukadiria kwa macho), na kaya iliyojibu kuwa imekula nafaka siku sifuri, ambayo aghalabu ni swali lililoeleweka vibaya. Makosa haya hurekebishika wakati timu bado iko kijijini. Ikisharudi, huna la kufanya.

Majina na majira-nukta (namba za mahali kamili) ya kaya yafungiwe mbali na majibu. Penye mapigano, orodha ya kaya zenye chakula na zisizo nacho ni silaha mkononi mwa mtu mbaya.

Hatua ya 8: Changanua pamoja

Usibuni mizani yako mwenyewe ya ukali. Nchi nyingi hutumia IPC, uainishaji wa kimataifa wa ukali wa upungufu wa chakula, ulioanzia Somalia mwaka 2004, wenye awamu 5: ya 1 hali nzuri, ya 2 mashaka, ya 3 mgogoro, ya 4 dharura, ya 5 janga au baa la njaa. Afrika Magharibi na Sahel zina utaratibu unaofanana nao chini ya CILSS, kamati ya nchi za Sahel ya kupambana na ukame. Eneo huwekwa kwenye awamu fulani ikiwa angalau asilimia 20 ya watu wake wako kwenye awamu hiyo au mbaya zaidi. Alama ya mbinu za kuhimili, kwa mfano, ikiwa 0 hadi 3 huelekeza awamu ya 1, 4 hadi 18 awamu ya 2, na 19 au zaidi awamu ya 3 na kuendelea.

Keti na kamati siku tano. Leteni ushahidi wote mezani, eneo kwa eneo, na mwandike sababu ya kila uamuzi. Baa la njaa lina masharti mazito: angalau asilimia 20 ya kaya zimekosa chakula kabisa, angalau asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali, na watu 2 kati ya kila 10,000 wanakufa kila siku. Kumbuka kwamba masharti haya yanapotimia, watu wengi wameshakufa. Awamu ya 3 ndiyo mahali pa kupiga kelele.

Hatua ya 9: Chora ramani isiyodanganya

Chora mbili, kila mara. Ya kwanza ni ya asilimia, kwa rangi ya eneo. Ya pili ni ya idadi ya watu, kwa duara zinazokua kadiri watu wanavyozidi. Sababu ni kwamba wilaya kubwa ya nyika yenye watu wachache itameza ramani yote kwa wekundu, huku mtaa wa mabanda mjini, ambao ni nukta tu, ukiwa na wenye njaa mara tano ya hao. Anayegawa chakula kwa kuangalia ukubwa wa wekundu atawanyima watu wa mjini.

Eneo lisilo na takwimu lipakwe kijivu, na neno "hakuna takwimu" liandikwe kwenye ufunguo wa ramani. Usiliache jeupe, na wala usilipake rangi ya hali nzuri. Maeneo yasiyofikika mara nyingi ndiyo mabaya kuliko yote.

Mipaka ya madaraja ya rangi iwe ile ile toleo kwa toleo. Programu ikiachwa ichague yenyewe, kila ramani itakuwa na wilaya "mbaya zaidi" hata mwaka wa neema, na hakuna atakayeweza kulinganisha Machi na Septemba. Andika kwenye ramani yenyewe tarehe ya kukusanya, tarehe ya kutolewa, kipindi inachokisemea, chanzo, na kama ni hali ya sasa au utabiri. Ichapishe kwa nyeusi na nyeupe uone kama bado inasomeka; ndivyo itakavyofika wilayani.

Hatua ya 10: Toa kwa ratiba, na fungamanisha na vitendo

Tangaza tarehe za mwaka mzima mwezi Januari, na uzitimize. Taarifa iwe kurasa mbili: ramani, jedwali la idadi kwa wilaya, sababu, na kitakachotokea miezi mitatu ijayo. Waliotoa takwimu wilayani wapate nakala siku ile ile.

Kisha rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1 uongeze safu ya tano: kizingiti. Ikifika wapi, nani anafanya nini, ndani ya siku ngapi, kwa fedha kutoka wapi. Zisainiwe kabla ya msimu kuanza. Wakati wa dhiki kila mtu yuko kwenye simu na hakuna anayesaini.

Mambo yakienda mrama

*Viashiria vinapingana: ulaji mzuri, lakini watoto wamekonda.* Usichukue wastani. Angalia kwanza maradhi na maji. Kuhara na surua humkondesha mtoto aliye kwenye nyumba yenye chakula. Kisha angalia tarehe, huenda utafiti mmoja ulifanyika baada ya mavuno. Kisha angalia msaada wa chakula: kaya inaweza kuwa inakula kwa sababu ya mgao, na mgao ukikoma inaanguka. Andika hilo la mwisho kwa herufi nzito.

*Mwaka huu umetokea "bora" sana kuliko mwaka jana.* Linganisha miezi. Utafiti wa baada ya mavuno ukiwekwa karibu na ule wa kabla ya mavuno daima utaonyesha nafuu.

*Wilaya hazileti takwimu kwa wakati.* Waulize walipata nini kutoka kwenye taarifa iliyopita. Mara nyingi jibu ni hakuna. Warudishie ramani ya wilaya yao, fupisha fomu, na utoe taarifa kwa tarehe iliyopangwa ukiwaonyesha kijivu. Hawatachelewa mara nyingi.

*Mkubwa anataka idadi ibadilishwe.* Mpe kumbukumbu za kikao cha uchambuzi zenye ushahidi na saini za idara zote. Umwalike alete ushahidi mpya kwenye kikao kijacho. Usibadilishe tarakimu chumbani.

*Shirika fulani limetoa ramani nyingine tofauti na yako.* Kabla ya kubishana, linganisha mambo matatu: kipindi, idadi ya watu waliyotumia kama msingi, na kama wanapima upungufu wa ghafla au sugu. Tofauti kubwa mara nyingi huwa hapo. Wakimbizi wa ndani waliohesabiwa upande mmoja tu ni chanzo kingine cha kawaida.

*Mtaalamu wa ramani ameondoka na hakuna anayeelewa faili zake.* Kuanzia leo kila hatua iandikwe kwenye waraka mmoja, na mtu wa pili aifanye mwenyewe mara moja kila mwaka, wa kwanza akiwa likizo.

*Fedha za nje zimekatika.* Hili si la kufikirika. FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985, ulisimamishwa Januari 2025 misaada ilipositishwa, na tovuti yake ikazimwa kwa miezi. Nchi zilizokuwa zikiitegemea ziliachwa bila jicho hilo. Kwa hiyo pakua takwimu zote za nje unazozitumia na uzihifadhi kwenye seva yenu kila mwezi. Bei, kliniki, mvua za vituo na kikao cha uchambuzi viwe kwenye bajeti ya serikali tangu mwaka wa kwanza. Ukilazimika kupunguza, anza na utafiti mkubwa, kisha idadi ya vituo. Bei za kila wiki uziache mwisho kabisa: hukusanywa kwa gharama ndogo, na ndizo zitakazokuambia kwanza kwamba kuna eneo linaanza kuelemewa.